Aliyevika Ndiye Aliyevua

Kanga yenyewe ilikuwa moja. Hilo ndilo lililomkera Mwanatabu kuliko yote. Kanga huja doti, hata hohehahe akimnunulia mkewe hununua doti, na hawa wakwe zake, wanaojulikana Likoni nzima kwa minazi na mashamba, walimletea mchumba wa mwana wao kanga moja ya Idd, tena imekatwa kwenye mwenziwe na upande mmoja haukupindwa, nyuzi zinaning'inia. Wakaiviringa kwenye gazeti, wakamwachia jirani, wakaenda zao bila hata kupiga hodi. Idd mosi hawakuonekana. Idd pili ndiyo hiyo kanga.

"Labda upande wa pili umeanguka njiani," alisema Boga, mumewe, akiusugua mguu wake mbovu kwa mafuta ya nazi. Boga alikuwa mkwezi wa minazi mpaka siku mnazi ulipomtupa. Tangu hapo alitembea kwa mkongojo na kusema kwa upole, kama mtu anayeogopa kuanguka tena.

"Umeanguka, ee? Na adabu zao zimeanguka papo hapo?"

"Mie nasema tu, mama Mastura."

Mastura, binti yao, alikuwa mlangoni akichambua mchele. Alisikia kila neno. Aliuweka chini ungo, akaushika mkono wake wa kulia kwa wa kushoto, akaanza kuizungusha pete.

"Mama, niwarudishie pete yao tupumzike?"

"Gusa uone!" Mwanatabu aliruka kama aliyekanyaga kaa la moto. "Ivue hiyo pete, mwanangu, na mie nitakuwa mwenda wazimu wa kwanza wa mtaa huu. Hicho ndicho wanachokitaka!"

Basi ni lazima niseme habari za pete ile, maana bila hiyo pete hakuna kisa.

Haikuwa ya dukani. Wazee wa ukoo wa Tsuma, ndio hao wakwe, husimulia kwamba bibi wa bibi yao alikuwa na kikuku cha fedha, na njaa ilipoingia pwani akakikata vipande, akauza vyote ila kimoja. Kile kimoja akampelekea sonara, akamfulia pete na kuitia jiwe la akiki, jekundu kama mbegu ya komamanga. Akasema pete ile si ya mtu, ni ya mlango, ya ukoo mzima. Tangu siku hizo kila msichana aliyeposwa na ukoo ule huvikwa hiyo hiyo. Ni ya fedha ili nia iwe nyeupe. Ina akiki kwa kuwa anayekuja atachanganya damu na wao. Huvaliwa mkono wa kulia, ndio wa kulia chakula na kusalimia watu, ili kila atakayempa mkono ajue kuwa huyu ameshashikwa.

Mwenye kuvika ni shangazi wa bwana harusi. Na siku ya harusi, bibi arusi akishavuka kizingiti cha mumewe, shangazi yule yule ndiye huivua. Kwa nini? Kwa kuwa mwana ameshafika, hana haja ya kushikiliwa tena. Pete hurudi kwenye kifuko chake, ikamngoja mwingine.

Katikati ya siku hizo mbili haiguswi. Msichana akiivua kwa mkono wake, amekataa yeye. Kwao watarudisha kila walichopokea, na jina la "mvunja posa" litamwandama mpaka azeeke, hapana mwanamume atakayepiga hodi. Lakini upande wa mume wakiivua kabla ya harusi, wamemfukuza mlangoni pao. Walicholeta kimekwenda na maji, na msichana ni huru, hana doa. Hivyo ndivyo walivyoishi nayo, na mtaa wote ulijua.

Ishaka, mwana wa Tsuma, alipomposa Mastura alikuwa akiuza madafu kivukoni. Kijana mzuri, wallahi, mcheshi, na Mastura alimpenda. Kisha akapata ukarani bandarini Kilindini. Akavaa tai. Wakati ule kila baraza lilikuwa likizozana juu ya Mwambao, nani atautawala Uhuru ukija, na Ishaka naye akawa na rai kuhusu kila kitu. Yule aliyekuwa akimbusu mama mkwe mkono siku hizi alimpita kwenye feri akitazama maji, kana kwamba ameangusha kitu humo.

Mwanatabu aliyameza. Akayameza na ya harusi ya Mtongwe pia, ambako wanawake wa kina Tsuma ndio walioshika jiko. Masinia yalipita juu ya kichwa chake, moja baada ya jingine, na lilipomfikia la kwake lilikuwa la ukoko mtupu, umekwanguliwa sufuriani, hauna hata mfupa. Wenziwe waliokuwa naye mkekani waliinamisha macho. Mwanatabu akanawa, akasema bismillahi, akautafuna ule ukoko mpaka punje ya mwisho, na meno yake ya nyuma si mazima.

"Wataka nini watu hawa?" Boga aliuliza alipoisikia habari hiyo. "Wakiwa hawamtaki mwana wetu, si waseme!"

"Wakisema, wamevunja wao."

"Basi tuvunje sisi, yaishe. Nimechoka kudharauliwa."

"Na Mastura je? Umechoka wewe, akaoze yeye ndani?"

Boga akarudi kuusugua mguu wake. Alipoposwa binti yake aliitikia upesi upesi, kwa furaha ya kuombwa na watu wakubwa, na sasa alijilaumu. Mwanatabu alimwonea huruma, lakini alimkasirikia vile vile. Aliona nyumba nzima imelalia bega lake, na bega lilikuwa linauma.

Aliyelifumbua fumbo alikuwa Nyamvula, jirani yao, Mduruma wa Mariakani, mkewe fundi wa feri. Nyamvula alikuwa Mkristo, na mambo mengi ya Likoni aliyaona ya ajabu, ila umbeya hauna dini. Aliingia asubuhi moja bila hodi, akamshika Mwanatabu mabega na kumkalisha kwenye kibao cha mbuzi.

"Keti, dada. Mulungu wangu, keti kwanza!"

"Nimeketi. Niambie."

"Mdogo wangu anayekaa Ziwa la Ng'ombe, si unamjua? Anafua nguo kwenye nyumba moja kubwa Kisauni. Mwenyewe ni kontrakta, ana nyumba za kupangisha. Basi huyo Ishaka wenu anamposa binti wa nyumba hiyo!"

Mwanatabu aliuma mdomo. Ilimchoma, ingawa alikwisha hisi.

"Bado, dada, bado. Bibi wa nyumba ile ni mtu wa zamani, alikulia huku Mtongwe. Kasema hataki pete ya dhahabu ya dukani. Kasema, 'Mie naujua ukoo wa Tsuma. Pasipo pete yao ya akiki, mjukuu wangu haposwi.' Na kawapa mpaka Jumapili hii."

Kisha Mwanatabu akaanza kucheka. Alicheka mpaka kibao cha mbuzi kikalia, akajifuta machozi kwa upindo wa kanga.

"Kumbe! Ndiyo kanga moja. Ndio ukoko. Wanatuchokoza ili tuivue sisi kwa hasira, wapate pete na kila walicholeta, na lawama juu yetu!"

"Sasa utafanyaje?"

"Nitawapikia," alisema Mwanatabu. "Watakuja wenyewe. Wewe ukisikia nimeita, toka na wenzako wote."

Wakaja Jumamosi, jua likiwa kichwani. Alikuja Mwanasaumu, dada yake Tsuma, shangazi mwenyewe, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuamrisha, amejifukiza udi hata mbuzi wa jirani akapiga chafya. Alifuatana na wanawake wawili wa kwao. Mikononi hawakuwa na kitu.

"Hodi humu! Mkwe wangu Mwanatabu! Siku nyingi, ati, mbona mmetutupa?"

Mwanatabu alilitafuna hilo "mmetutupa" kama alivyoutafuna ukoko. "Karibuni, karibuni! Leo jua limechomoza wapi? Mastura! Njoo umwamkie shangazi yako."

"Shikamoo, shangazi," alisema Mastura.

"Marahaba, mwanangu. Umekonda. Si kitu. Sikai, mkwe, nina haraka. Nimepita tu kuchukua ile pete, nasikia jiwe linacheza. Nimpelekee sonara alikaze, kisha niirudishe. Haya, mwanangu, ivue unipe."

Alilisema jepesi, kama mtu aombaye chumvi. Na Mastura, masikini, kwa uchungu wa miezi yote ile, vidole vyake vya kushoto vikaenda vyenyewe kwenye pete. Mwanatabu aliona. Sekunde moja zaidi, na binti yake angekuwa mvunja posa mbele ya mashahidi watatu, wote wa upande wa pili.

"Mastura!" alisema, akijilazimisha kutabasamu. "Mgeni hajapata hata maji, wewe unacheza na vidole? Lete mkeka."

Mastura akashtuka. Mikono ikaanguka. Alimtazama mamake, akaelewa, akaenda kuleta mkeka.

"Nimesema sikai," alisema Mwanasaumu.

"Wakwe waje kwangu waondoke wamesimama? Wallahi mtaa utanitema." Na kabla hajajibiwa, Mwanatabu alikuwa uani akipaza sauti: "Nyamvula! Jamani majirani! Wakwe zangu wamekuja! Njooni mnisaidie kuwapokea!"

Hiyo ni heshima, na heshima haikataliwi. Wakaja wanawake mtaa mzima, wengine na unga mikononi, wengine na watoto migongoni, wakajaa ukumbini mpaka mlangoni. Mwanasaumu aliketishwa katikati, akapewa chai ya tangawizi na mahamri, akasifiwa kanga yake, akaulizwa hali ya kila mtu mpaka ya kuku wake. Alikuwa akitokwa na jasho. Kila mara alichungulia jua nje.

"Jamani, ahsanteni," alisema mwishowe. "Sasa mwanangu, ile pete. Vua."

Mastura akapiga magoti mbele yake. Alinyoosha mkono wa kulia kwa adabu, vidole vimetulia, na sauti yake ikasikika mpaka mlangoni.

"Shangazi, mie sithubutu. Ulinivika wewe mwenyewe. Uliniambia siku ile nisiivue hata nikifa maji."

"Nakupa ruhusa."

"Sithubutu, shangazi. Mkono huu hapa."

Mwanasaumu alimtazama msichana, akamtazama mamake. Alijua vyema desturi ya kwao. Alijua pia kwamba kule Kisauni masinia ya halua ya kesho yamekwisha agizwa, na bibi yule hakubali udhuru. Akiondoka bila pete, posa ya kontrakta imekufa. Akiivua, nani atathubutu kumwambia yeye, Mwanasaumu, kwamba amevunja? Si atasema ni kwa sonara? Kiburi kikampa jibu. Kiburi hakijakosa kumpa mtu jibu.

Akaishika pete, akavuta. Haikutoka. Kidole cha Mastura kilikuwa kimevimba kwa kazi ya kusuka makuti. Akavuta tena, akazungusha, na Mastura akauma meno.

"Leteni sabuni!" alifoka.

Ilikuja sabuni ya mche na kata ya maji. Mwanamke mzima akapiga goti, akamsugua msichana kidole kwa povu mbele ya kadamnasi, akihema.

"Mkwe," alisema Mwanatabu, taratibu, "waivua kwa mkono wako?"

"Huoni?"

"Hakuna aliyekulazimisha?"

"Nani awezaye kunilazimisha mie?"

Pete ikatoka, ikadondoka katika kata. Mwanasaumu akaiopoa, akaifunga kwenye ncha ya kanga na povu lake. Hapo ndipo Nyamvula alipopasua kigelegele, kirefu, cha kwao Mariakani, na wanawake wote wakampokea, mpaka watu waliokuwa kwenye feri, inasemekana, waligeuza shingo kutazama ni arusi ya nani.

"Vya nini vigelegele?" Mwanasaumu aliuliza, uso umembadilika.

"Vya mwanangu," alisema Mwanatabu. "Mmemfungulia mlango. Ahsanteni sana, nendeni salama."

Habari ilivuka maji kabla ya shangazi. Bibi wa Kisauni, Jumapili, aliipokea pete, akaileta karibu na pua.

"Mbona yanuka sabuni?" aliuliza.

Mwanasaumu akajipepea kwa upindo wa kanga.

"Aliyeivaa mwisho kaolewa na nani?"

Bibi akawatazama mmoja mmoja. Akairudisha mkononi mwa Mwanasaumu. "Wa kwanza mmemtoa kwa kipande cha sabuni. Wetu mtamtoa kwa nini? Beba halua yako." Na Tsuma alipojaribu kusema msikitini kwamba pete iliazimwa tu kwa kukazwa jiwe, wenziwe walimwuliza jina la sonara. Akaanza kutafuta viatu vyake.

Ndipo wakarudi kwa Boga. Safari hii walikuja wote: Tsuma na joho lake, Mwanasaumu, wazee wawili wa ukoo, na Ishaka nyuma yao, tai imelegea. Walileta doti za kanga, kamili, na kapu la ndizi na mchele. Majirani walisogea barazani, hawakualikwa, hawakufukuzwa.

Mwanatabu alikuwa nyuma ya pazia na binti yake. Aliogopa kuliko siku ya sabuni. Wanaume ndio waliokuwa wakizungumza sasa, na aliyeketi mbele ya Tsuma alikuwa Boga, Boga wa "labda" na "mie nasema tu". Alimjua. Angeambiwa "sisi ndugu", na angelainika.

"Sisi ni ndugu, Boga," alisema Tsuma. "Shetani alipita kati yetu. Tumekuja kurudisha pete kidoleni pake, na harusi iwe mwezi huu. Hutapata mkwe kama huyu. Karani."

Boga aliutazama mguu wake. Mwanatabu akafunga macho.

"Mlipokuja mara ya kwanza," Boga alisema polepole, "niliwaitikia palepale. Sikumwuliza mwanangu. Nilifurahi mno kuombwa na mtu kama wewe, Tsuma, nikasahau kwamba si mie niliyekuwa nikiombwa." Akashika mkongojo wake, akasimama. Ilimchukua muda, na hapana aliyethubutu kumsaidia. "Safari hii namwuliza. Mastura!"

"Abee, baba."

"Watu hawa wataka kukuvika tena. Unamtaka Ishaka?"

Mwanatabu hakumfinya binti yake, wala hakumnong'oneza neno. Alimwachia. Mastura alivuta pumzi, na labda aliukumbuka ule ucheshi wa zamani wa kivukoni, maana macho yalimlowa. Lakini sauti ilikuwa kavu.

"Simtaki, baba."

"Mtoto wa kike haulizwi mbele za watu!" alifoka Tsuma.

"Kwangu anaulizwa," alisema Boga. Hakupaza sauti. Aliutia mkongojo kwapani na kusimama wima, na Mwanatabu, aliyedhani miaka yote hii kwamba anaibeba nyumba peke yake, alikaa kitako sakafuni akalia kwa raha. "Mmesikia alivyosema. Chukueni kapu lenu."

Wakainuka. Na walipokuwa wakitafuta viatu, pazia likafunguka na Mastura akatoka. Hakukimbia, hakujificha. Amejifunga kanga zake za kila siku, kichwa juu, kidoleni alama nyeupe tu pale ilipokuwa pete. Alimpa kila mmoja mkono wake wa kulia kama alivyofundishwa. "Shikamoo, baba Tsuma." Ikambidi ajibu, marahaba. "Shikamoo, shangazi." Mwanasaumu alitoa mkono, pete imefumbatwa katika mwingine, akajibu bila kuinua uso. Akawasalimu na wale wazee wawili.

Akamfikia Ishaka. Yule kijana alimtazama kwa mara ya kwanza tangu apate kazi, midomo ikimcheza, akitafuta la kusema. Mastura akampa mkono, akatabasamu vizuri kabisa.

"Hujambo, kaka Ishaka?" alisema. "Wasalimie nyumbani."

Kaka! Baraza zima likavunjika kwa kicheko na vigelegele, na Boga, juu ya mkongojo wake, alicheka kuliko wote.